Usipande Katika Miiba: Mwongozo Kamili wa Kulisikia Neno na Kulishiriki Bila Kukengeushwa

Katika mfano wa Yesu wa mpanzi, ambamo mbegu ni Neno, udongo wa tatu ndio unaotugusa wengi tunaokwenda kanisani. Mbegu ya njiani ililiwa na ndege hata kabla haijaota. Ya penye mwamba iliungua kwa jua. Ile ya kwenye miiba iliota, ikaishi, ikatoa majani, ila haikuzaa. Marko 4:19 inaitaja miiba hiyo kwa majina: shughuli za dunia, udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine. Mtu anaweza kuwa nayo yote mitatu na bado akaimba kwaya, akatoa zaka na asikose mkesha hata mmoja.

Mwongozo huu wa wiki sita unahusu kuing'oa. Sehemu ya kwanza ni ya kusikia na ya pili ni ya kushiriki, na hatushauri uruke ya kwanza kwa haraka ya kufika ya pili. Usikivu unaotumika mbele za Mungu ndio huohuo unaotumika mbele ya jirani. Asiyeweza kukaa kimya dakika kumi mbele ya sura moja ya Injili hataweza kukaa kimya dakika kumi akimsikiliza mtu anayeeleza shida zake, na matokeo yake atamhubiria mtu aliyejitungia kichwani, wala si huyu aliyekaa mbele yake.

Anza kwa kujua ni mwiba gani

Watu wengi huanza kwa kulaumu simu. Simu ina lawama yake, tutaifikia, lakini Agostino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, aliandika katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake kwamba alipokuwa amekaa nyumbani mjusi akikamata nzi, au buibui akiwanasa kwenye utando wake, vilitosha kuvuta fikira zake. Hakuwa na simu. Kutangatanga kwa mawazo ni ugonjwa wa zamani, na dawa isiyogusa moyo haifiki mbali.

Chukua karatasi moja, ichore safu nne: Nje, Mwili, Moyo, Utumishi. Kwa siku saba, kila unaposoma Neno, unapoomba au unapokuwa ibadani, weka karatasi hiyo karibu. Mawazo yakitoka, andika neno moja tu kwenye safu yake, kisha rudi. Usieleze, usijilaumu, usianze kuchambua.

Safu ya Nje ni ya sauti, arifa za simu, watu wanaopita, televisheni ya chumba cha pili. Ya Mwili ni usingizi, njaa, maumivu, joto. Ya Moyo ni deni, ugomvi, hofu, hatia, wivu, mipango ya fedha. Ya Utumishi ni mazoezi ya kwaya, vikao vya kamati, somo unalotakiwa kufundisha Jumapili, hesabu za sadaka.

Siku ya saba usihesabu maneno tu, angalia pia kila neno lilikula muda gani. Mara nyingi utakuta kwamba mambo ya Nje ni mengi lakini ni ya sekunde chache chache, na jambo moja la Moyo, kwa mfano maneno aliyokwambia shemeji yako juzi, limekula nusu saa nzima. Hapo ndipo kazi yako ilipo.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: si kila kinachokukatiza ni mwiba. Yesu alikuwa njiani kwenda kwa binti Yairo aliyekuwa mahututi, mwanamke mwenye kutokwa na damu akamgusa vazi, naye akasimama (Marko 5:25-34). Mtoto anayelia na mgonjwa anayeita si adui wa ibada yako. Jiulize: je, huyu ni mtu anayenihitaji sasa hivi, au ni jambo linaloweza kungoja saa moja? Mtu aendewe. Jambo lingoje.

Simu

Hapa tutakuwa wakali kidogo, kwa sababu hatua za nusunusu hazifanyi kazi. Simu iliyowekwa kimya juu ya meza bado inavuta mkono. Ukiifungua kutafuta aya, utakuta ujumbe. Ukijibu ujumbe, utaona statasi. Na aya umeshaisahau.

1. Tumia Biblia ya karatasi kama unayo. Kurasa zake hazina arifa, na baada ya muda macho yatakumbuka aya iko upande gani wa ukurasa.
2. Iache simu chumba kingine tangu usiku. Ikiwa ndiyo inayokuamsha, tafuta saa ya kengele.
3. Ikiwa Biblia yako iko kwenye simu pekee, pakua tafsiri nzima ili isomeke bila intaneti. Kabla ya kusoma, iweke simu kwenye hali ya ndege. Ukiwa na mgonjwa au mzazi anayeweza kukuhitaji, zima data na Wi-Fi, washa hali ya kutosumbuliwa, na uruhusu namba zao tu zipite.
4. Nyamazisha vikundi. WhatsApp inakupa saa 8, wiki 1 au daima. Kwa vikundi ambavyo huna wajibu navyo, chagua daima. Kikundi cha familia na cha kazi vipangie saa maalumu ya kuvisoma.
5. Ondoa programu zinazokula muda kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, na utoke kwenye akaunti kila umalizapo. Usumbufu wa kuandika nywila upya unatosha kukupa nafasi ya kufikiri.

Kuna mwiba mmoja wa simu ambao haukemewi sana kwa kuwa umevaa joho: mahubiri mafupi yasiyo na mwisho. Mtu anasikiliza wahubiri watano kwa siku, anasambaza aya kwenye vikundi kumi, na hakuna hata neno moja alilokaa nalo hadi jioni. Kusambaza aya si kuisikia. Kwa wiki sita za mwongozo huu, chagua fundisho moja kwa wiki nje ya ibada ya Jumapili, lisikilize hadi mwisho, na mengine uyaache yapite.

Mwili, saa na mahali

Nabii Eliya alipolala chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Sauti ya Mungu, ndogo na ya utulivu, ilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu (1 Wafalme 19:5-12). Kama safu ya Mwili imejaa neno "usingizi", dawa yako ya kwanza ni kulala mapema, wala si kuongeza saa za maombi.

Chagua saa moja, ileile kila siku. Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana kwenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35), lakini anayefanya kazi za zamu za usiku asijibebeshe hatia ya alfajiri. Saa yake nzuri ni ile ambayo akili imeamka. Anza na dakika 20. Anayeanza na saa nzima mara nyingi huacha ndani ya wiki ya pili.

Mahali pawe palepale pia. Ukiwa na nyumba yenye watu wengi, waambie wenzako saa yako na urefu wake: "Nipeni dakika ishirini, kisha nitakuja." Watu huheshimu muda wenye mwisho kuliko muda usiojulikana. Isipowezekana ndani, toka nje, tembea polepole ukisoma au kukariri kwa sauti ya chini.

Moyo: kazi iliyo ngumu kuliko zote

Wasiwasi hauondoki kwa kukemewa. Akili inarudiarudia jambo kwa sababu inaogopa litasahaulika au halitashughulikiwa. Kwa hiyo lipe jambo hilo mahali pa kukaa.

Kabla ya kufungua Biblia, tumia dakika tatu kuandika kila linalokusumbua, kila moja na hatua yake inayofuata na saa yake. "Ada ya mtoto" peke yake haitulizi moyo. "Ada ya mtoto: kumpigia mhasibu wa shule leo saa nne asubuhi, kuomba kulipa kwa awamu mbili" inatuliza. Baada ya hapo omba ukitaja kila mstari kwa jina lake, ukimtwika Mungu fadhaa zako kama 1 Petro 5:7 inavyosema, kisha ifunike karatasi. Utaifunua ukimaliza.

Ugomvi unahitaji zaidi ya karatasi. Mathayo 5:23-24 inamwambia mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aache sadaka yake hapo, aende kwanza kupatana. Ni maagizo ya kufuatwa kama yalivyo. Ikiwa jina la mtu mmoja limejirudia kwenye safu ya Moyo mara tatu ndani ya wiki, mtafute kabla wiki haijaisha. Ujumbe mfupi unatosha kufungua mlango: "Ndugu yangu, naomba tuonane tuzungumze. Kuna jambo nadhani nilikukosea." Usieleze kosa lake kwenye ujumbe huo, maelezo marefu ya maandishi huzaa ugomvi wa pili. Akikataa kuonana, umefanya sehemu yako, na utashangaa jinsi kichwa kinavyopata nafasi. Ila kama mtu huyo amekudhuru au anakutishia, usiende peke yako, na hulazimiki kwenda kabisa. Mweleze mchungaji au mtu mzima unayemwamini.

Hatia hushughulikiwa kwa kutajwa. "Nisamehe makosa yangu yote" ni sala fupi mno kwa mtu aliyedanganya kwenye hesabu jana. Taja tendo, taja uliyemkosea, na kama kuna cha kurudisha, andika tarehe ya kukirudisha.

Mawazo mengine huja bila sababu ya wazi: kujilinganisha na wengine, kujiona umeshindwa, tamaa. Evagrio wa Ponto, mtawa wa jangwani Misri aliyefariki mwaka 399, aliwafundisha watawa kuandaa mapema aya ya kujibu kila wazo linalorudi, kwa mfano wa Yesu aliyemjibu mjaribu jangwani kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Fanya hivyo. Chagua mawazo matatu yanayokuandama, andika aya moja kwa kila moja kwenye kadi, na wazo likija soma aya kwa sauti mara moja, kisha endelea na ulichokuwa ukifanya. Usibishane nalo, kwa maana kubishana nalo ni kuliachia muda linaoutaka.

Jambo moja tunalisema kwa msisitizo: kukosa utulivu kwa wiki nyingi mfululizo, kukosa usingizi, huzuni isiyoisha au kupoteza hamu ya kila kitu si lazima kuwe udhaifu wa imani. Nenda kwa daktari. Endelea kuomba, lakini nenda.

Utumishi unaoziba masikio

Martha hakuwa mvivu wala hakuwa mbaya. Alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe. Na bado aliambiwa, "Unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, lakini kinatakiwa kitu kimoja tu" (Luka 10:41-42). Viongozi wa makanisa ndio wanaoumia zaidi hapa, na sisi tunawaonea huruma kwa sababu kila jukumu lao linaonekana takatifu.

Matendo 6:1-7 inatoa njia. Wajane walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuiita huduma hiyo ndogo, wala hawakuibeba wao. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa. Fanya vivyo hivyo. Orodhesha kazi zako zote za kanisani. Weka alama kwenye zile ambazo kweli hakuna mwingine anayeweza kuzifanya; zikizidi tatu, rudia zoezi kwa uaminifu zaidi. Kwa kila iliyobaki andika jina la mtu na tarehe ya kumkabidhi, mfanye naye pamoja mara mbili, kisha uondoke. Wengi hukwama hapo pa kuondoka: wanakabidhi kazi halafu wanabaki kuisimamia kwa simu kila jioni, na mzigo unabaki palepale.

Mwiba wa pili wa watumishi ni kusoma kwa ajili ya wengine. Mhubiri anafungua sura, na kabla haijamwambia kitu ameshaona vichwa vitatu vya somo na mfano wa kuchekesha wa mwanzo. Tenganisha vitu hivi kabisa: saa tofauti, daftari tofauti, na ikiwezekana kitabu tofauti cha Biblia. Wazo la mahubiri likikujia wakati wako wa kusikia, liandike mstari mmoja, uliache hadi saa ya kuandaa.

Dakika ishirini za kusikia

Chagua Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi kuliko Injili nyingine tatu, na habari zake zinakwenda mbio, kitu kinachomsaidia mtu ambaye mawazo yake hayatulii. Soma fungu moja lililokamilika, kama aya 10 hadi 15, usivuke.

Dakika mbili za kwanza kaa kimya, pumua taratibu, kisha sema maneno ambayo kijana Samweli alifundishwa na kuhani Eli: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Dakika sita zinazofuata soma fungu kwa sauti mara mbili. Sauti ina kazi yake. Filipo mwinjilisti alijua kwamba Mwethiopia aliyekutana naye njiani anasoma kitabu cha nabii Isaya kwa sababu alimsikia (Matendo 8:30), maana watu wa kale walizoea kusoma hivyo; na mdomo unaposema na sikio linaposikia, mawazo yanapata nafasi ndogo ya kutoroka. Mara ya pili soma polepole zaidi, na panapokugusa simama.

Dakika nne jiulize: ni nani wamo humu, na kila mmoja anataka nini? Yesu anafanya au anasema nini ambacho sikukitegemea? Mimi ningesimama upande wa nani? Dakika nne omba kutokana na hayo tu, usiingize orodha nyingine. Dakika mbili andika sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe, bila maneno ya kidini. Dakika mbili za mwisho amua tendo moja la leo na mtu mmoja unayeweza kumshirikisha sentensi hiyo.

Mfuatano wa kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia si mpya; Guigo wa Pili, mtawa wa Wakartusi wa karne ya 12, aliueleza kama ngazi yenye vipago vinne. Sisi tumeongeza kuandika na kuamua, kwa sababu bila hivyo asubuhi huyeyuka kabla ya saa sita mchana.

Yakienda kombo: ukisinzia, simama usome ukiwa umesimama. Macho yakifika mwisho na hujui umesoma nini, usirudie fungu lote. Rudia aya tatu za mwisho na utaje vitenzi vyake. Ukijikuta unakimbilia vitabu vya ufafanuzi kila unapokutana na neno gumu, andika swali pembeni, tafuta jibu baadaye.

Mara moja ndani ya wiki hizo sita, tenga takribani saa mbili usome Marko yote kwa sauti, peke yako au mkipokezana na wenzako watatu. Mafungu uliyoyasoma kwa vipande yataungana.

Siku ya ibada

Soma somo la Jumapili tangu Jumamosi kama linajulikana. Fika dakika kumi kabla. Kaa mbele, kwa kuwa ukikaa nyuma utaona migongo, mavazi na kila anayechelewa. Andika mambo manne tu: somo, dai moja kuu la mahubiri, swali moja, na jambo moja la kutenda kabla ya Jumatano. Kuandika kila kitu ni njia nyingine ya kutosikia. Na ukijikuta unampima mhubiri kwa sauti, kiatu au lafudhi yake, rudisha macho kwenye aya zenyewe; hizo hazina lafudhi.

Mnaoongoza ibada mna sehemu kubwa. Wekeni matangazo mahali pamoja, kamwe si kati ya somo na mahubiri. Msomaji ajiandae kwa kusoma kwa sauti mara tatu nyumbani. Punguzeni spika hadi mtu wa safu ya mbele aweze kuimba na kujisikia. Baada ya somo, acheni dakika moja ya kimya, lakini waambieni watu mapema, la sivyo watadhani mtambo umeharibika. Katika Nehemia 8 watu walisikiliza torati tangu mapema asubuhi hadi adhuhuri, na aya ya 8 inaeleza kwa nini waliweza: ilisomwa kwa sauti ya kusikilika, ikaelezwa maana yake, wakaelewa.

Kushiriki: jiondoe njiani

Mtu anaposhindwa kuusikia ujumbe wa Kristo, mara nyingi kinachomzuia ni sisi. Tunataka kushinda mabishano, tunasema mengi mno, tunatumia lugha ya kanisani, tunataka jibu leo.

Andaa ujumbe wenyewe kwanza. Kiini chake Paulo anakitaja katika 1 Wakorintho 15:3-4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, kama yanenavyo maandiko. Uandike kwa sentensi tano ambazo kijana asiyewahi kuingia kanisani ataelewa. Kwa mfano: Mungu alituumba na anatupenda. Sisi tumemwacha, na matokeo yake tunayaona ndani yetu na kati yetu. Yesu Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu na akafufuka. Kila anayetubu na kumwamini anasamehewa na kupatanishwa na Mungu. Anaanza maisha mapya pamoja na watu wengine wanaomfuata Yesu. Sasa ondoa au eleza kila neno kama "upako", "kuvunja madhabahu", "damu" au "kuzaliwa mara ya pili". Maneno hayo yana maana kwako; kwa msikilizaji mpya ni kelele.

Andaa pia ushuhuda usiozidi dakika tatu: ulivyokuwa, jinsi Kristo alivyokupata, kinachobadilika sasa. Sehemu ya kwanza iwe fupi kuliko zote. Ushuhuda unaotumia dakika mbili kueleza dhambi humwacha msikilizaji akikumbuka dhambi.

Andika majina matatu ya watu uombe kwa ajili yao kila siku. Matatu, kwa sababu utayakumbuka.

Ukikutana na mtu, sikiliza kwanza. Filipo alianza kwa swali, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" na akaanzia kwenye andiko lilelile ambalo mwenzake alikuwa amelishika (Matendo 8:30-35). Uliza swali moja la kweli, na usipange jibu mwenzako akiwa bado anasema. Alama ya kwamba umesikia ni kuweza kurudia alichosema mpaka aseme, "Ndiyo, ndivyo." Hapo ndipo uombe ruhusa: "Naweza kukuambia mimi ninaona nini katika Yesu kuhusu hilo?" Akisema hapana, mshukuru, mbaki marafiki.

Mazungumzo yatapinda. Yohana 4 inaonyesha jinsi ya kuyarudisha. Yesu alipomtajia mwanamke Msamaria siri ya maisha yake, yule mwanamke aliinua mgogoro wa muda mrefu: watu wamwabudu Mungu mlima huu au Yerusalemu? Yesu hakumpuuza, wala hakukaa hapo. Alijibu kwa ufupi, akarudi kwenye kuabudu katika roho na kweli, na mwishoni akajitambulisha mwenyewe. Ukiulizwa kuhusu tofauti za madhehebu, siasa, au mchungaji aliyekula fedha za waumini, jibu kwa sentensi mbili. Kwa la mchungaji usitetee: "Hilo ni kosa, na linaumiza. Yesu mwenyewe aliwakemea viongozi waliokula nyumba za wajane." Halafu mrudi kwa Yesu. Swali usilolijua jibu lake, sema, "Sijui, nitalitafuta," na ulitafute kweli.

Haya yanaharibu kazi, tuyataje upesi: kumrekodi mtu au kuposti picha yake bila ruhusa, kuhubiri saa ambayo mwajiri amekulipa ufanye kazi, kutoa msaada kwa sharti la kuhudhuria ibada, kufundisha watoto wa watu bila idhini ya wazazi, kumbana mfiwa atoe uamuzi msibani. 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kujibu, lakini kwa upole na kwa hofu, na kuharakisha mtu si upole.

Akionyesha kiu, usimpe vitabu vitano. Mwalike msome Marko pamoja, fungu moja kwa kila mkutano, dakika 45, watu wawili hadi sita, simu zote kwenye kikapu mlangoni. Maswali manne yanatosha: tunamwona Yesu akifanya nini? Kinakushangaza nini? Hukielewi nini? Kama ni kweli, kitabadilisha nini wiki hii? Anayeongoza ahesabu muda wake wa kuzungumza. Muda huo ukizidi robo ya mkutano, amerudi kuwa mhubiri. Mtafute yule uliyemwalika ndani ya siku tatu baada ya mazungumzo ya kwanza, kwa salamu ya kawaida, bila shinikizo.

Ukianguka njiani

Siku zitarukwa. Mgonjwa atatokea, safari itakuja, au utachoka tu. Usilipe deni la sura. Anayejaribu kusoma mafungu manne kwa mkupuo ili afidie ndiye anayeacha kabisa. Fungua fungu la leo, soma dakika zako ishirini.

Wiki ya sita ikiisha, chora tena zile safu nne na uzijaze kwa siku saba nyingine. Ziweke karatasi mbili pamoja. Safu ambayo bado imejaa ndiyo ya kushughulikiwa wiki sita zinazofuata, na kama ni ya Moyo, mwonyeshe karatasi hiyo mtu mmoja mkomavu wa imani anayejua kutunza siri, muombe pamoja juu ya kila neno lililoandikwa humo.